Kiu ya Oktoba na sukari baada ya ugali

Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Tabora halina mzaha. Mtu anatoka shambani saa nane mchana koo limekauka, lakini anawahi ugali kwanza, kwa hofu kwamba maji yatamjaza tumbo. Kama ana kisukari na akapima saa mbili baada ya kula, huenda akakuta sukari iko juu kuliko kawaida yake, na lawama zote akaubebesha ugali.

Kiu nayo ina sehemu yake. Maji yanapopungua mwilini, ubongo hutoa homoni ya vasopresini inayoiamuru figo ibane maji. Homoni hiyohiyo inaweza kulisukuma ini kuachia sukari liliyoihifadhi, na pia kuchochea kortisoli, homoni ya msongo, ambayo hudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari ya ugali inaingia kutoka tumboni, na ini nalo linaongeza.

Kwa mtu mzima wa afya, kongosho, kiungo kinachotoa insulini, kwa kawaida humudu hali hii, na tofauti ni ndogo au haionekani kabisa. Na hata kwa mwenye kisukari, anayekuambia kwamba maji mengi yanatibu ugonjwa huo anakupotosha.

Kinachowachanganya wengi ni mkojo. Tumezoea kusema mkojo mchache wa rangi ya chai ni dalili ya upungufu wa maji, na ni kweli. Lakini sukari ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inayobaki hutoka na mkojo, ikivuta maji. Basi mgonjwa anakojoa kila mara, mkojo mweupe, akijiona ana maji ya kutosha, kumbe ndiyo yanamwishia.

Beba maji shambani, unywe kidogokidogo kabla kiu haijakubana. Soda na juisi ya embe si mbadala, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ya kutafuna njiani nayo ni wanga, yahesabu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake. Ukitapika, ukahema kwa kasi au kuchanganyikiwa, usisubiri kesho, nenda kituo cha afya.

Na daftari lako la vipimo: pembeni ya kila namba andika ulichokula, kisha saa uliyokunywa maji mara ya mwisho. Safu hiyo ya pili ndiyo inayokutwa tupu.