Je, kuondolewa tezi dume ndiyo mwisho wa nguvu za kiume?

Baba mkubwa alipotoka hospitalini na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye tezi dume, yaliyosema ana saratani, aliikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa kanzu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kule ndiyo basi?" Sikumjibu. Nilinyamaza kwa sababu niliamini kwamba jibu ni ndiyo, kwamba mwanamume akiondolewa tezi dume ameondolewa uanaume wake, na kwamba hakuna la kujadili zaidi ya kuchagua kati ya uhai na unyumba. Nilikuwa nimekosea, na kosa hilo ni la watu wengi.

Kwa kiasi fulani, lugha yenyewe hutupotosha. Kiungo hiki tunakiita tezi dume, na neno dume linatufanya tudhani kwamba hapo ndipo makao ya uanaume. Isitoshe, msemo wetu wa nguvu za kiume hufunga katika furushi moja mambo manne ambayo mwili huyaendesha kila moja kwa njia yake: hamu ya tendo la ndoa, kusimama kwa uume, raha ya kileleni, na kutoka kwa manii. Tezi dume, ambayo kwa kijana mwenye afya haizidi sana ndimu ndogo, inahusika moja kwa moja na jambo la nne pekee, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Haisimamishi uume, wala haitengenezi homoni ya kiume, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika korodani.

Mbona basi wanaume wengi waliofanyiwa upasuaji huu walipoteza uwezo wa kusimamisha? Hapa ndipo nilipofarijika kidogo, kwa maana hata madaktari bingwa walikosea kwa muda mrefu. Mwaka 1904, Hugh Hampton Young wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alifanya upasuaji wa kuondoa tezi dume nzima kwa ajili ya saratani, na kwa miongo mingi baada ya hapo karibu kila mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo alitoka bila uwezo huo. Wengi walieleza kwamba mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye uume hupita ndani ya tezi yenyewe, hivyo haiwezekani kuitoa tezi bila kuikata. Katika maiti ya mtu mzima nyuzi hizo ni nyembamba mno kuonekana kwa urahisi, na kwa hiyo maelezo hayo yalidumu.

Mwaka 1981, daktari wa Johns Hopkins aitwaye Patrick Walsh alikuwa Leiden, Uholanzi, akakutana na Pieter Donker, profesa aliyekwisha kustaafu, ambaye alikuwa akichambua mishipa ya fahamu ya kibofu katika miili ya watoto waliozaliwa wakiwa wafu. Katika mwili mdogo kama huo mafuta ni machache na nyuzi huonekana vizuri zaidi. Walsh alimwomba waifuate ile inayokwenda kwenye uume. Baada ya saa kadhaa za kuchambua waliiona: haikupita ndani ya tezi, bali pembeni mwake, kwa nyuma kidogo, kushoto na kulia, ikiwa imeambatana na mishipa midogo ya damu. Aprili 1982, Walsh aliondoa tezi dume ya mgonjwa kwa makusudi ya kuiacha mishipa hiyo, akitumia mishipa ya damu kama alama ya kumwonyesha zilipo nyuzi za fahamu. Mgonjwa huyo alirejewa na uwezo wake ndani ya mwaka mmoja. Kila nikiisoma habari hii hustaajabu kwamba jambo lililogusa maisha ya ndoa za watu wengi hivyo lilikuwa likisubiri mtu wa kuuliza njia inapita wapi.

Ili kuelewa kwa nini njia hiyo ni muhimu, fikiria jaruba la mpunga. Uume una ndani yake nyama laini yenye vitundu kama sifongo, na hilo ndilo jaruba. Damu ndiyo maji. Mlango wa mfereji hukaa umebanwa muda mwingi, mpaka mjumbe afike kutoka kwa mwenye shamba na kusema fungua. Mjumbe huyo ni mshipa wa fahamu, na ujumbe wake ni gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli midogo ya mishipa ya damu na ya ile sifongo. Maji yanaingia, jaruba linajaa, na kwa kujaa kwake linaibana mifereji ya kutolea maji, ndipo uume unaposimama na kubaki hivyo. Tezi dume ni mti uliosimama kando ya njia ya mjumbe. Mti hauna kazi yoyote katika kilimo hiki, lakini ukiukata ovyo unaangukia njia. Na hata fundi akiukata kwa uangalifu, njia huvurugika kwa muda: nyuzi zilizovutwa au kuguswa na joto la vifaa hulala kimya kwa miezi, mara nyingine hadi miaka miwili, kabla ya kuamka. Pale saratani ilipokwisha kutambaa mpaka kwenye mishipa yenyewe, daktari hulazimika kuiondoa pamoja na tezi, wakati mwingine ya upande mmoja tu.

Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uitwao ProtecT uliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa. Kabla ya matibabu, asilimia 67 waliweza kusimamisha vya kutosha kwa tendo la ndoa. Miezi sita baadaye walikuwa asilimia 12 kwa waliofanyiwa upasuaji, 22 kwa waliopewa mionzi pamoja na matibabu ya homoni ya muda mfupi, na 52 kwa waliokuwa wakifuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka sita, pengo lilikuwa limepungua hadi 17, 27 na 30. Takwimu hizi nazitumia kwa tahadhari, kwa kuwa karibu washiriki wote walikuwa Wazungu, na saratani zao ziligunduliwa mapema kwa kipimo cha damu.

Mionzi huja kwa mwendo mwingine. Haimgusi sana mjumbe siku ya kwanza, ila huidhoofisha mifereji polepole, hivyo upungufu unaweza kujitokeza mwaka wa pili au wa tatu, mtu akidhani amesalimika. Matibabu ya homoni, yaliyotokana na kazi ya Charles Huggins na Clarence Hodges huko Chicago mwaka 1941, huzima homoni ya kiume inayoilisha saratani, kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Hapo anayeondoka ni mwenye shamba mwenyewe: hamu hufifia, na mjumbe hatumwi. Jambo hili linatuhusu sana Afrika Mashariki, ambako wengi hufika hospitalini saratani imekwisha ingia mifupani, na matibabu ya homoni ndiyo tegemeo.

Raha ya kileleni, kwa upande wake, hupita katika mishipa mingine, na kwa kawaida hubaki hata baada ya upasuaji. Kinachokosekana ni manii, kwa hiyo anayetaka mtoto ahifadhi mbegu kabla. Vidonge vya jamii ya sildenafili, kama Viagra, hurefusha ujumbe uliokwisha kufika, hivyo husaidia kidogo sana palipokosekana mjumbe, na ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Sindano ya uume hufungua mlango bila kumngoja mjumbe, na kuna pampu pia.

Nilipomweleza baba mkubwa haya yote, aliniomba nimwandikie maswali matatu ya kumpelekea daktari: saratani iko upande gani wa tezi, mishipa ya upande wa pili inaweza kubakizwa, na je, anaweza kufuatiliwa tu bila kukatwa. Mama mkubwa, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mchele, akasema niongeze la nne: kama na yeye ataruhusiwa kuingia.