Je, sudo hutibu pip inapogoma?
Wengi tumefundishwa kwamba pip, programu ya kusakinisha maktaba (vifurushi vya msimbo) za lugha ya Python, ikigoma, dawa ni kuanza amri na sudo, yaani kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Imani hiyo inaeleweka, maana kosa la ruhusa kweli hutoweka. Lakini mara nyingi faili huingia kwenye Python inayotegemewa na Linux yenyewe, na zana nyingine zinaweza kuharibika baadaye. Kwangu hiyo ni gharama kubwa mno.

Jaribu mwenyewe: andika python3 -m venv jaribio, amri inayounda mazingira ya Python yaliyotengwa na ya mfumo, kisha jaribio/bin/pip install na jina la maktaba. Ikigoma hata humo, usiishie mstari wa mwisho. Panda juu hadi kosa la kwanza. Huenda kompaila ya C, programu ya kugeuza msimbo wa lugha ya C ambayo baadhi ya maktaba huihitaji, haipo. Ukiwaandikia watunzaji wa maktaba hiyo, wape kosa zima na toleo la Python. Bila hayo hawana pa kuanzia.