Gari Linashtuka: Injini au Giaboksi?

Gari likianza kushtuka ukikanyaga mafuta, wengi husema giaboksi imekufa. Mara nyingi ni plagi (inayotoa cheche ya kuwasha mafuta) au koili (inayoipa plagi umeme) moja imechoka, silinda moja haiunguzi mafuta vizuri, na injini inamisi. Inauma kuona giaboksi nzima ikishushwa kwa kosa lisilo lake.

Tazama kwanza mshale wa mizunguko ya injini. Ukikanyaga mafuta mshale huo ukapanda ghafla huku mwendo hauongezeki, nguvu inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye matairi: gari la gia za mkono shuku klachi, la otomatiki shuku giaboksi au hydroliki yake, yaani mafuta yanayozunguka ndani yake. Lakini gari likitetemeka hata limesimama kwenye nyutro, anza na injini na mipira inayoibeba.

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye bomba la moshi na yanaweza kuharibu katalisti, kifaa cha bei kubwa kinachosafisha moshi.

Magari yenye OBD-II, mfumo wa kompyuta ya gari kujipima yenyewe, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya modeli ya 1996, hutunza kodi ya hitilafu, yaani alama ya herufi na namba inayotaja tatizo. P0302 ina maana silinda namba mbili inamisi. Haisemi kwa nini. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kununua vipuri kwa kubahatisha. Kama kila silinda ina koili yake, fundi ahamishie koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, afute kodi, kisha aliendeshe gari. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, ajaribu plagi kwa njia hiyohiyo, halafu injekta (inayopulizia mafuta) na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). P0700 nayo inaarifu tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina kodi zake, na si kila mashine ya kupimia huweza kuzisoma.

Hydroliki ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti za ndani zimeshaanza kuisha, na kuibadilisha peke yake hakutazirudisha. Giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ina hydroliki yake. Usiiwekee ya otomatiki ya kawaida.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta kuzidi. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto huashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukifika juu kabisa, simama pahali salama uzime injini palepale, na usifungue rejeta mpaka ipoe.