Kudukua kwenye gemu za mezani: dadu zimpime mtu, sio programu yake

Kila nikipata wachezaji wapya kwenye meza yetu hapa Dom, wengi vijana wanaosoma kompyuta pale UDOM, lazima mmoja aulize hili: kwenye hizi gemu za kuigiza mtu akitaka kudukua sava, anayepimwa ni yeye au programu aliyonunua? Wao wanauliza kwa kupita tu. Mi naliona zito, maana siku za kazi nashughulika na usalama wa mitandao, wikiendi ndo nakuwa refa wa meza, yule anayeongoza hadithi na sheria, na sheria nyingi za udukuzi nilizosoma zinaharibikia hapo hapo.

Zinaharibika kwa sababu zinajumlisha tu. Chukua Traveller, gemu ya kuigiza ya safari za anga, unarusha dadu mbili, unaongeza ujuzi wako, ukifika 8 umepita. Programu ya kuvunjia nayo inaongeza namba yake kwenye jumla hiyo hiyo. Sasa tupige hesabu (nyongeza ya akili tuiweke pembeni): mwenye ujuzi 3 asiye na programu anahitaji dadu zimpe 5 kwenda juu, ni matokeo 30 kati ya 36. Mwenye ujuzi 0 aliyenunua programu ya 3 naye anahitaji 5 kwenda juu, 30 kati ya 36. Yani mmoja amesota miaka kujifunza, mwenzake amepitia dukani asubuhi, halafu mezani huwezi kuwatofautisha! Hapo mdukuzi kama mhusika ameshakufa, kimebaki kifaa chake.

Shadowrun, gemu nyingine ambayo unarusha dadu nyingi na kuhesabu zilizofanikiwa, toleo la nne, la 2005, walienda mbali zaidi, ulikuwa unarusha dadu za ujuzi pamoja na dadu za ubora wa programu, akili ya mhusika haimo kabisa, kwa hiyo mtu mwenye akili ya chini kuliko wote mezani ila ana programu kali anadukua sawa na gwiji. Toleo la tano, 2013, wakageuza: unarusha ujuzi na akili, kifaa chako kinaweka kikomo cha mafanikio unayoruhusiwa kuhesabu. Hilo la kikomo nalipenda sana, nitalirudia hapo chini.

Kwenye kazi halisi mambo yako hivi. Microsoft walitoa kiraka, yani marekebisho ya kuziba tundu, cha ule udhaifu wa Windows uliotumiwa na silaha ya udukuzi inayoitwa EternalBlue Machi 2017, WannaCry, ile programu ya kufunga mafaili na kudai pesa, ikaja Mei mwaka huo huo ikapita kwenye mashine ambazo hazijawekwa kiraka. Kwenye mashine ambayo haina kiraka silaha ile ilifanya kazi hata mikononi mwa mtu asiyeelewa inafanyaje, kwenye yenye kiraka hata bingwa hapati kitu kwa njia hiyo. Hamna jumlisha tatu hapo, inaingia au haiingii. Halafu kuna Nmap, zana ya kukagua mtandao, ipo toka 1997 na ni ya bure, wawe watu wawili waiendeshe kwenye mtandao ule ule watapata orodha ile ile ya milango iliyo wazi. Wa kwanza anaona mlango namba 445 uko wazi anaandika ripoti anaenda kula. Wa pili anajiuliza hii printa ya zamani inafanya nini kwenye mtandao wa uhasibu, nani kaiweka, na nenosiri lake si bado ni lile la kiwandani? Ni kama mafundi wa magari wenye mashine moja ya kupimia, wote wanasomewa namba ile ile ya hitilafu, ila mmoja tu ndo anajua waya gani umekatika.

Kwa hiyo mezani kwangu dadu ni za ujuzi peke yake. Programu inajibu mambo mengine, kwanza kama inaendana na mfumo unaoushambulia, pili utafika wapi ukifaulu, hapo ndo lile wazo la kikomo la Shadowrun, programu ya 1 inakuingiza kama mtumiaji wa kawaida, ya 3 ndo inakupa umeneja wa mfumo mzima. Na muda. Ukiwa nayo ni dakika, usipokuwa nayo bado unaruhusiwa kujaribu ila ni masaa, maana unajitengenezea zana zako mwenyewe. Asiye na ujuzi kabisa anabaki na ile sheria ya Traveller ya kumtoa tatu kwenye jumla, anatafuta 11, ni 3 kati ya 36, na programu ya kuvunjia haimwokoi.

Juzi tulikuwa tunacheza Dodoma ya mwaka 2090, wanataka kuingia kwenye mfumo wa pampu za maji za Mzakwe. Kijana mwenye programu ya 3 akasema, "Kaka, hii inaingia yenyewe, nirushe dadu za nini?" Nikamuuliza inaingia wapi, maana programu yake ni ya sava za ofisi na pampu zinaendeshwa na mfumo mwingine kabisa. Kimya. Dada aliyekaa pembeni, hana programu ila ana ujuzi 3, akauliza, "Fundi wa zamu akiwa nyumbani usiku pampu ikizima, anaiwasha vipi?" Swali hilo moja lilimfungulia njia, nikampa masaa sita ya kazi, akarusha akapata 7, jumla 10, akaingia. Nilifurahi kweli.

Wenye pesa wananilalamikiaga kwamba wananunua nini sasa. Wananunua spidi, na walinzi wakiwa dakika kumi nyuma yako spidi ni uhai. Ile programu ya Expert ya Traveller sijaigusa, inampa asiyejua ujuzi pungufu kwa moja kuliko kiwango cha programu yenyewe, na anayejua zaidi ya hapo anaongezewa 1 tu, hiyo ni haki kabisa.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni kuungua. Ukishtua kengele, walinzi wanabaki na nakala ya programu yako na kwa mwenye mfumo huo haifanyi kazi tena. Ya kununua unanunua nyingine kwa bei kamili, uliyoiandika mwenyewe unairekebisha kwa wiki moja ya ndani ya gemu na dadu za ujuzi, 8 kwenda juu.