Dume wa Ngongo hamrithishi ndama kila kitu

Kila Nanenane pale Ngongo, Lindi, hutakosa mtu anayesema: “Nikipata mbegu ya dume yule, mwakani naleta ng'ombe kama yeye.” Mwakani? Mimba ya ng'ombe ni miezi 9. Utaleta ndama anayenyonya.

Kubwa zaidi ni hili: dume humpa ndama nusu tu ya vinasaba vyake, na nusu hiyo huchanganywa upya kila mimba. Nusu nyingine hutoka kwa mama, ambaye kwenye banda la maonyesho hakuna anayemuulizia. Na mwili unaong'aa kwa mashudu ya ufuta haurithiwi, huo ni mfuko wa mwenye ng'ombe.

Mimi humuuliza mwenye dume: binti zake wako wapi? Nitazame viwele vyao na miguu yao, maana dume hakamuliwi. Uwezo wake wa maziwa huonekana kwa mama yake na mabinti zake. Asiyekuwa na la kuonyesha, anauza sura.

Wengine humpandishia dume bintiye mwenyewe, eti kulinda ukoo. Hapo ndipo kasoro zilizojificha hupata mwanya wa kujitokeza.