Je, wajua? Lunokhod 2 hakikuuawa na baridi ya Mwezi

Ukiuliza kigari cha Kisovieti Lunokhod 2 kilikufaje Mwezini mwaka 1973, wengi watakujibu: baridi. Usiku wa kule ni takriban siku 14 zetu, na halijoto hushuka kupita nyuzi 150 chini ya sifuri. Jibu linaingia akilini, ila kigari kilikufa kwa joto.

Kinachotupotosha ni dhana kwamba pasipo hewa vitu hupoa upesi. Chukua chupa ya chai. Kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa, ndiyo maana chai ya alfajiri bado inaunguza ulimi saa nne. Ya kikombeni hupoa kwa sababu hewa inayoigusa huondoka na joto lake. Ukiipuliza unaiharakisha tu. Mwezini hakuna wa kupuliza. Joto la mashine hutoka karibu kwa njia moja tu: mionzi isiyoonekana inayotawanyika kuelekea angani. Ziba njia hiyo, na mashine inajipika.

Kiwiliwili cha Lunokhod kilikuwa kama sufuria juu ya magurudumu manane, na mfuniko wenye bawaba. Uso wa juu wa sufuria ndio uliokuwa rejeta, yaani sehemu ya kutolea joto. Ndani, feni ilizungusha gesi ili kuipelekea joto la vifaa. Mchana mfuniko ulifunguliwa: rejeta ikaona anga, paneli za sola zilizobandikwa upande wa ndani wa mfuniko zikaona jua. Usiku ulifungwa, na poloniamu-210, elementi yenye mnururisho inayotoa joto yenyewe, ikatia joto ndani. Ujanja wa jikoni kabisa.

Lakini zikifungwa, paneli hulalia rejeta. Mwezi Mei kigari kiliingia kwenye kreta (shimo) ndogo, mfuniko uliokuwa wazi ukagusa ukuta, udongo ukamwagikia paneli. Umeme ulipungua, hilo likavumilika. Mfuniko ulipofungwa usiku, vumbi likadondokea rejeta. Vumbi la Mwezi ni jeusijeusi, hunyonya jua, na halipitishi joto: blanketi juani. Kulipokucha vifaa vikapata joto kupita kiasi, kigari kikanyamaza.

Haya yametokana na waliokiongoza kwa redio kutoka Crimea, katika Umoja wa Kisovieti. Hakuna fundi aliyekwenda kukikagua. Kilikuwa kimetembea kama kilomita 39. Kiakisi chake cha leza, kioo kinachorudisha miali inayotumwa kutoka Duniani, kinajibu hadi leo, japo mwanga unaorudi umefifia. Vumbi linashukiwa tena.