Dark Space III: kasi inayogeuka utulivu

Ukiifungulia albamu ya Dark Space III kwenye spika ya simu utasikia mchakacho tu, na muda si mrefu utaizima. Iweke kwenye hedifoni nzuri zinazofunika masikio, ongeza sauti kiasi, kisha uipe dakika kumi bila kushika kitu kingine. Kazi yangu ya kila siku ni kumiksi kwaya, taarabu na bongo fleva. Nilikuwa natafuta mifano ya namna ya kupanga sauti nyingi zinazogombania nafasi moja ndipo nikakutana na albamu hii, na mpaka leo ndiyo ninayoirudia nikitaka kukumbuka masikio yana uwezo gani.

Kundi linaitwa Darkspace, lilianzishwa mwaka 1999 huko Bern, Uswisi, na linapiga bleki metali iliyochanganywa na ambienti. Waliorekodi albamu hii wanajiita Wroth, Zhaaral na Zorgh: wanaume wawili kwenye magitaa na mwanamke, Zorgh, kwenye besi. Wote watatu wanapiga mayowe. Mpiga ngoma hakuna. Ngoma zote zimepangwa kwenye mashine, na nitaeleza hapo chini kwa nini jambo hilo ni la msingi.

Nyimbo zao hazina majina, zina namba. Albamu ya kwanza, ya 2003, inaanza na Dark 1.1 na kuishia 1.7. Ya pili, ya 2005, ina nyimbo tatu tu: 2.8, 2.9 na 2.10. Hii ya tatu, iliyotoka 2008, inakwenda kuanzia 3.11 hadi 3.17. Namba ya kwanza ni ya albamu, ya pili inaendelea kuhesabu kazi yote tangu mwanzo. Halafu mwaka 2012 wakarekodi upya demo (rekodi ya majaribio) yao ya 2002, wakaiita Dark Space -I, na nyimbo zake zikawa -1.-1 na -1.0. Wamehesabu kurudi nyuma ya sifuri! Naupenda mpangilio huu kwa sababu haunielekezi nihisi nini. Hakuna jina la wimbo la kuniambia kwamba hapa kuna huzuni au hapa kuna vita.

Kwa asiyeijua bleki metali: ni tawi la muziki wa metali lililopata sura yake Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magitaa yenye mkwaruzo mkali, ngoma za kasi, sauti za kukwaruza koo, na rekodi zilizoachwa chafu kwa makusudi. Historia yake ina damu. Makanisa yalichomwa moto, watu waliuawa, na baadhi ya wanamuziki wake walieneza ubaguzi wa rangi waziwazi. Mwafrika anayeusikiliza muziki huu ana haki ya kuchagua anaingilia mlango gani, na mimi niliingilia huu wa Bern, ambako mada ni anga za mbali, giza na ukubwa wa ulimwengu.

Ambienti nayo ni muziki wa mazingira: sauti ndefu zinazobadilika taratibu na kujaza chumba. Kwa maelezo hayo, hizi ni aina mbili zisizoweza kukaa nyumba moja. Moja inakimbia, nyingine haina haraka. Darkspace wamezifunga pamoja, na ufundi wao unaelezeka kwa hesabu.

Chukua mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, ambao kwa bleki metali ni wa kawaida kabisa. Mpiga gitaa anachapa uzi juu na chini mara nne ndani ya kila pigo. Hiyo ni michapo 800 kwa dakika, zaidi kidogo ya 13 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaweza kutenganisha mapigo yakiwa machache, lakini yakikaribia 20 kwa sekunde huanza kuungana, na kuanzia hapo tunayasikia kama sauti moja nzito. Kwa hiyo michapo 13 iko karibu na mpaka ule. Ongeza mwangwi mrefu unaofuta nafasi kati ya mchapo na mchapo, na mpaka unavukwa kabisa. Ni feni ya dari: ikiwa polepole unahesabu mapanga yake, ikishika kasi unaona duara moja limetulia.

Hapo ndipo mashine ya ngoma inapoonyesha thamani yake. Mpiga ngoma wa kweli, hata awe hodari namna gani, huchoka. Mkono ukichoka, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inalegea, pigo moja linachelewa, na sikio linaamka na kuanza kumfuatilia mtu. Mashine haichoki. Baada ya dakika tatu au nne za mdundo uleule, ubongo unaacha kuhesabu na ngoma zinahamia nyuma. Najua mafundi wenzangu wengi wanaona ngoma za mashine ni njia ya mkato. Katika albamu hii naamini ngoma za mtu zingeiharibu.

Kwa hiyo muziki huu una saa mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile ya michapo na mapigo, ambayo haraka sana hatuisikii tena kama mwendo. Ya pili ni ya kodi za gitaa na kinanda, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ambazo hukaa muda mrefu kabla ya kubadilika. Msikilizaji mpya huishikilia saa ya kwanza, akachoka na kukasirika. Fuata ya pili. Subiri kodi ibadilike, na ikibadilika utahisi chumba kizima kimesogea.

Kuna sehemu kwenye albamu ambazo ngoma na magitaa hukatika, na kinachobaki ni sauti ya kinanda peke yake, nyembamba na ya juu. Rudisha nyuma kidogo, usikilize tena ukijua inakuja. Utagundua kinanda hicho kilikuwepo muda wote ndani ya magitaa, kwenye masafa yaleyale ya sauti, kimejificha. Kwa kawaida kumiksi ni kutenganisha: unapunguza hapa ili pale pasikike. Wao wamefanya kinyume, wameviacha vyombo viwili vikae nafasi moja mpaka usijue nyuzi zinaishia wapi na kinanda kinaanzia wapi. Mayowe nayo yamezikwa humohumo. Sisikii neno hata moja, na silihitaji.

Watu husema anga za juu ni kimya. Karibu ni kweli, kwa kuwa sauti inahitaji kitu cha kupitia. Lakini kwenye kundi la galaksi la Perseus, umbali wa takriban miaka milioni 250 ya nuru, kuna gesi ya kutosha, na mwaka 2003 wanasayansi wanaotumia darubini ya Chandra ya NASA walitangaza kuwa shimo jeusi la pale linasukuma mawimbi ndani ya gesi hiyo. Nota yake ni “si bemoli” (B flat), oktava 57 chini ya do ya katikati ya kinanda. Wimbi moja huchukua karibu miaka milioni 10 kupita. Nikiisikiliza Dark 3.11 huwa nafikiria nota hiyo, kwa sababu ndiyo saa ya pili niliyoitaja, ikiwa imevutwa hadi mwisho.

Sasa ushauri. Epuka faili zilizobanwa sana: muziki uliojaa mkwaruzo na matoazi namna hii ndio unaoumia kwanza faili ikipunguzwa ukubwa, matoazi yanageuka majimaji. Usiisikilize ukiwa kwenye daladala. Na usiruke nyimbo, maana albamu nzima, zaidi ya saa moja na robo, imejengwa isikilizwe kwa mkupuo.

Ukitaka kitu cha karibu na nyumbani kinachogusa mpaka huohuo wa kelele na mashine, watafute Duma, kundi la Nairobi, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wao wana hasira zaidi na subira kidogo, na mapigo yao yanataka uyasikie moja moja. Darkspace wenyewe walirudi mwaka 2024 na Dark Space -II, wimbo mmoja tu wa zaidi ya dakika 40. Huo uache kwanza. Anza na 3.11, na ikikushinda jaribu tena usiku ambao huna pa kuwahi kesho yake.